Ukimwambia kijana "biti yako moto", umemsaidia nini?

Mpwa wangu mmoja, kijana wa Kisauni anayetengeneza muziki kwa laptopu ya mkono wa pili, alinitumia faili kwa WhatsApp. Ulikuwa muziki wa gemu. Wenzake wanne walikuwa wanaunda gemu ya simu, mchezo wa dau linalokwepa miamba na mawimbi, nao wakampa yeye kazi ya muziki. "Mjomba, sikiza uniambie," aliandika. Mimi nilikuwa ndani ya tuktuk nikielekea Mwembe Tayari. Nikabonyeza, nikasikiza sekunde ishirini hivi huku injini ikinguruma, nikamjibu: "Maashallah, nzuri sana." Nikaongeza na vile vijimoto vitatu.

Siku nne baadaye wenzake waliirudisha kazi yake. Kila ukipita muda wa dakika moja na kidogo, muziki ulinyamaza kwa nukta moja kisha ukaanza upya, mithili ya mtu mwenye kwikwi. Isitoshe, mlio wa dau kugonga mwamba haukusikika kabisa, kwa sababu muziki ulikuwa umejaza kila pembe. Wakatafuta mtu mwingine. Kijana hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mjomba, ulisikiza mpaka mwisho?"

Sikuwa na jibu la kumpa, na hiyo ndiyo sababu ya makala haya.

Kabla sijaendelea, najua wapo wasomaji watakaoniuliza juu ya muziki wenyewe, kama ni jambo la kumhimiza kijana au la kumkataza. Huo ni mjadala mkubwa na una wenyewe. Mimi nazungumza na wale ambao tayari wana kijana nyumbani aliyevaa hedfoni usiku kucha, na ambao huulizwa, "Unaonaje?"

Kwetu pwani kukosoa kazi ya sanaa si jambo geni. Mtu akisoma shairi barazani hakosi mzee wa kumwambia kuwa ubeti wa tatu umepungua mizani, au kina cha kati kimepotea kwenye mshororo wa pili. Mzee yule hasemi "shairi baya". Anataja ubeti, anataja mshororo, na msomaji anajua pa kwenda kurekebisha. Wapenzi wa taarab vilevile humjua mpiga udi aliyeteleza nje ya maqam, na watamwambia. Lakini ukija muziki wa kompyuta, wazee na vijana wote tunakuwa mabubu. Tunabakiwa na maneno mawili: "moto" na "kelele". Nadhani tatizo si roho mbaya, ni msamiati. Hatujui kukitaja kitu tulichokisikia, kwa hivyo tunasifu chote au tunatupa chote. Na wa pwani wanajua: mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Muziki huu hutengenezwa kwa programu kama FL Studio, ambayo ilianza mwaka 1997 kule Ubelgiji kwa jina la FruityLoops, au LMMS ambayo ni ya bure. Kijana hupanga ngoma, besi na vinanda kwenye skrini, safu juu ya safu, bila kuhitaji bendi wala studio. Raha yake ni hiyo, na hatari yake ni hiyohiyo. Katika kikundi cha taarab kuna watu kumi wenye masikio kumi, na mpiga fidla akikosea mwenzake humtupia jicho. Kijana wa laptopu yuko peke yake. Hakuna wa kumtupia jicho ila sisi tunaotumiwa faili.

Basi tuanze na namna ya kusikiza, maana hapo ndipo mimi nilipokosea kwanza.

Spika ya simu ni ndogo kama ukucha. Sauti nzito za besi, zile za hezi 50 au 60 zinazotikisa kifua harusini, spika hiyo haiwezi kuzitoa. Simu nyingi hazina cha maana chini ya hezi 200 hivi. Ukimwambia mtu "besi yako haipo" na umesikiza kwa simu, huenda besi ipo na wewe ndiwe usiyekuwa nayo. Matatu ya kwetu yana ugonjwa wa pili: spika za besi ni kubwa mno hata kila kitu kinaonekana kizuri. Kwa hivyo jambo la kwanza la kumwambia mtengenezaji ni kifaa ulichotumia. "Nimesikiza kwa simu, sikupata besi" ni habari yenye faida. Anaweza kuiongezea besi ile sauti za juu kidogo, mkwaruzo mwembamba unaofanya sikio liitambue hata kwenye spika ndogo. "Besi haipo" peke yake ni lawama tu.

Sauti ikiwa kubwa au ndogo nayo hudanganya. Tangu 1933, watafiti wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha kwamba sikio la binadamu halisikii sauti zote sawa: ukipunguza sauti, nzito ndizo zinazopotea mapema. Ndiyo maana wimbo uleule ukiongezwa kidogo huonekana umekuwa bora, ingawa hakuna kilichobadilika. Ukitaka kulinganisha kazi ya kijana na ya msanii mkubwa, kwanza zifanye ziwe na ukubwa mmoja wa sauti. Usipofanya hivyo unashindanisha vitufe vya sauti, si muziki.

Na usikize mpaka mwisho. Hilo sina haja ya kulieleza zaidi.

Muziki wa gemu una mambo yake ambayo wimbo wa kawaida hauna, na hapa ningependa tukae kidogo. Wimbo wa harusi unasikika mara moja ukapita. Muziki wa gemu unazunguka. Mchezaji aliyekwama hatua ya nne anaweza kusikia dakika ileile mara ishirini. Kengele nyembamba iliyompendeza mara ya kwanza, mara ya saba inamchoma sikio. Kuusikiza mara moja na kutoa hukumu ni sawa na kuonja pilipili kwa ncha ya ulimi kisha useme mchuzi wote uko sawa. Uache uzunguke mara kumi huku ukiosha vyombo au ukikunja nguo. Pale utakaponyanyua mkono kutaka kuuzima, angalia ni mara ya ngapi, na ni sauti gani iliyokusukuma. Hiyo ndiyo taarifa anayoihitaji.

Pili, muziki wa gemu hauko peke yake. Kuna milio ya kuruka, kugonga, kuokota sarafu, na milio hiyo ndiyo inayomwongoza mchezaji. Mashine ya Nintendo ya miaka ya themanini, ile iliyochezewa Super Mario Bros ya 1985, ilikuwa na njia tano tu za sauti: mbili za mawimbi ya mraba ambazo mara nyingi zilibeba sauti ya kuimbika, moja ya pembetatu iliyotumika sana kwa besi, moja ya mchakato kama mvua juu ya mabati iliyotumika kwa ngoma, na moja ya vipande vya sauti zilizorekodiwa. Mlio wa mchezo ulipotaka kusikika, ulichukua njia mojawapo kutoka kwa muziki kwa kitambo, kisha ukairudisha. Koji Kondo, mtunzi wa muziki wa Mario, alitunga akijua sauti zake zitanyang'anywa nafasi wakati wowote. Kijana wa leo ana njia mia, hakuna wa kumnyang'anya, kwa hivyo anazijaza zote. Mpwa wangu alifanya hivyo. Hata mmoja wetu hakumuuliza, "Mlio wa dau kugonga mwamba utakaa wapi?"

Tatu ni ile kwikwi. Sababu yake ni ndogo na inajulikana, lakini asiyeambiwa hataijua. Faili ya MP3 huongezewa ukimya mfupi mwanzoni na mwishoni inapotengenezwa. Kwa wimbo wa kawaida hakuna anayegundua. Kwa muziki unaozunguka, ule ukimya unasikika kila mzunguko. Dawa yake ni kuutoa muziki kama WAV au OGG. Jambo jingine la kuangalia hapo kwenye kiungo ni mwangwi: kama noti ya mwisho ina mkia mrefu wa mwangwi na faili imekatwa pale mapigo yanapokwisha, mkia unakatwa na panga, na mwanzo unaingia mkavu. Mkia ule unafaa kubebwa uwekwe mwanzoni mwa mzunguko unaofuata. Mtu mmoja angemwambia kijana maneno haya mawili, angefanya marekebisho jioni moja.

Sasa namna ya kusema. Mgonjwa akienda kwa daktari haambii daktari dawa ya kuandika. Anamwonyesha panapouma na lini panauma. Msikizaji naye ni hivyo. Anapouma anapajua yeye kuliko yeyote, na hapo usibishane naye. Lakini dawa yake mara nyingi si sahihi. Chukua lalamiko ambalo kila mtengenezaji wa biti amelisikia: "Ongeza besi." Kijana anaongeza, na sasa kila kitu kinavuma kama pipa. Kumbe besi ilikuwa ya kutosha, ila ile ngoma nzito ya chini imesimama mahali palepale ilipo besi, baina ya hezi 50 na 100, na zote mbili zinapiga kwa wakati mmoja. Aliyepita vichochoro vya Mji wa Kale anaelewa: mikokoteni miwili haipishani humo, hata uisukume kwa nguvu namna gani. Mmoja lazima usubiri kibarazani. Kwa hivyo mtengenezaji huipunguza besi kidogo kila ngoma inapogonga, au huipandisha moja ikae juu ya nyingine. Besi haikuongezwa hata chembe, na msikizaji atasema, "Ee, sasa inasikika!"

Kwa hiyo sema ulichosikia, na useme ni sekunde ya ngapi. "Sekunde ya 40 sauti ya zumari inapoingia, siisikii tena ngoma." Hapo umefanya kazi ya yule mzee wa barazani aliyetaja ubeti na mshororo. Ukiwa unajua ufundi, ongeza dhana yako, lakini iite dhana.

Kuna jambo moja linalonikera kuliko yote, nalo ni kumkosoa mtu kwa kutofanya kile ambacho hakukusudia kukifanya. Mfano mzuri uko jirani, Dar es Salaam. Singeli ilikua mitaani huko kwa vijana kuchukua vipande vya ala za taarab, kuvizungusha na kuviharakisha, hadi mapigo yakapita 200 kwa dakika. Mtu wa taarab akisikia kwa mara ya kwanza atasema: inakimbia mno, imeharibika, punguza. Kwa masikio yake ana haki. Lakini kasi ndiyo singeli yenyewe. Ukiipunguza hukuisahihisha, umeiua. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa santuri ya Sounds of Sisso, yenye kazi za vijana wa studio moja ya Dar es Salaam, na muziki ule ukafika kwenye majukwaa ya Ulaya kwa kasi yake ileile. Laiti vijana wale wangemtii kila aliyewaambia wapunguze mwendo, tusingekuwa na la kusimulia leo.

Sisemi kwamba kila kosa ni mtindo. Sauti inayopasuka kwa sababu imepita kiwango ni kosa, isipokuwa mtu ameipasua kwa makusudi, na wapo wanaofanya hivyo. Njia ya kutofautisha ni rahisi: uliza. "Ulitaka iwe hivi?" Akisema ndiyo, mwambie kama imekufikia au haikukufikia. Akisema "hapana, kwani kuna nini?", hapo mwonyeshe. Mpwa wangu aliambiwa na mmoja kwamba mdundo wa chakacha haufai kwenye gemu, eti gemu zina muziki wa Kijapani. Hiyo ni ladha ya msemaji, wala haina uhusiano na kwikwi. Maskini, lile la chakacha lilimuumiza zaidi, na la kwikwi, ambalo lingemsaidia, hakuambiwa na mtu.

Kuhusu hadhara na faragha, adabu yetu ya pwani inatosha. Kijana akiweka kazi kwenye kundi na kuomba maoni, mjibu palepale, zungumza juu ya kazi, wengine nao wajifunze. Ikiwa hakuomba, au kosa ni la kumwaibisha, mfuate pembeni. Kumtania mtu mbele ya watu mia mbili kisha useme "nilikuwa namkosoa" si ukosoaji.

Upande wa anayepokea nao una kazi yake, na vijana wasidhani tunawasahau. Mficha uchi hazai, wamesema waliotutangulia, lakini kuufunua ovyo nako hakusaidii. Usitume faili saa nane za usiku baada ya kukaa nayo saa kumi. Masikio yamechoka na wewe mwenyewe hujui tena unasikia nini. Ilaze, isikize asubuhi, nusu ya makosa utayaona mwenyewe. Usirekodi spika ya laptopu kwa ujumbe wa sauti halafu utake maoni juu ya miksi. Tuma faili yenyewe. Wala usiulize "mnaonaje?", kwa sababu swali hilo huzaa vijimoto vitatu. Uliza jambo moja: "Je, besi na ngoma zinagombana?" au "Ni wapi unaanza kuchoka?"

Ukijibiwa, kaa kimya kwanza. Kuna hamu kubwa ya kueleza, "ile nimeiweka vile kwa sababu…" Mchezaji wa gemu hatakuwa na wewe pembeni ukimweleza. Andika yote uliyoambiwa. Mmoja akitaja sekunde ya 40, huenda ni ladha yake. Watatu wasiojuana wakitaja sekunde ya 40, kuna kitu pale, hata kama kila mmoja amekupa dawa tofauti. Na kabla ya kubadilisha, hifadhi nakala ya zamani. Nimeona vijana wakisawazisha wimbo kwa maoni ya watu kumi na wawili mpaka ukabaki hauna harufu wala ladha, na ule wa kwanza wameshaufuta.

Wala usidharau msikizaji asiyejua ufundi. Dada yangu, mamake huyu kijana, hajui kompresa ni nini. Lakini alikuwa jikoni akikuna nazi huku muziki ukizunguka chumba cha pili, akasema, "Hapo katikati, mwanangu, nimechoka nalo." Kijana alikwenda kuangalia: hapo katikati sauti ileile ya kuimbika ilirudiwa mara nne bila kubadilika hata noti moja. Hakuna produsa aliyemwonyesha hilo.

Zamani kidogo huko Ulaya, watengenezaji wa muziki wa kompyuta walikuwa na bahati moja ambayo tunaweza kuirudisha. Mwaka 1987 Mjerumani mmoja, Karsten Obarski, alitoa programu ya Ultimate Soundtracker kwa kompyuta ya Amiga, iliyokuwa na njia nne za sauti. Faili zake zilibeba noti na sauti zenyewe pamoja, kwa hivyo aliyetumiwa wimbo aliweza kuufungua na kuona kila kitu kimepangwaje, mstari kwa mstari. Wengi walijifunza kwa kufungua kazi za wenzao hivyo. Vijana wetu wawili wanaotumia programu moja wanaweza kufanya vivyo hivyo leo: badala ya wimbo uliokamilika peke yake, mpe mwenzako mradi mzima aufungue, na yeye akupe wake.

Hilo la kupeana ndilo gumu zaidi. Wote wanataka kusikizwa, wachache wanataka kusikiza. Ludum Dare, mashindano ya kuunda gemu kwa siku chache yaliyoanza 2002, yalilitatua kwa ujanja: washiriki wenyewe ndio wanaopima kazi za wenzao, sauti ikiwa na alama zake mbali na picha, na anayepima kazi nyingi za wengine ndiye kazi yake inayosogezwa mbele ionekane. Mama zetu wanaufahamu mpango huo bila kufundishwa. Ni upatu. Usipotoa mwezi huu, usitazamie zamu yako.

Mpwa wangu hakuirudisha laptopu dukani, ingawa kwa wiki nzima alisema ataiuza. Gemu ile ya dau ilimpita, lakini anaendelea na muziki wake wa chakacha, ameutoa kwa OGG, na ameacha njia wazi kwa milio ya mchezo. Juzi usiku alinitumia tena. "Mjomba, chukua eafoni, usisikizie kwa tuktuk. Iache izunguke mara kumi, uniambie kengele inakuudhi mara ya ngapi."

Nikakaa barazani nikasikiza. Ilikuwa mara ya sita. Nikamwandikia hivyo.